Makato ya Hiari

Mimi sikuachika kimyakimya. Siku mzazi mwenzangu aliponiambia amepanga chumba kingine karibu na geti la mgodi, na kwamba ndani ya chumba hicho yumo mwanamke aliyemtoa Sirari, nilimpasulia maneno ambayo majirani wa Nyamongo waliendelea kunitania nayo miaka miwili baadaye. Lakini akaenda. Nilibaki na binti yetu wa miaka tisa, na sufuria zangu za wali na maharage nilizokuwa nawauzia watu wa zamu ya asubuhi.

Dhahabu ilikuwa imepandisha kila kitu. Chumba cha bati, ndoo ya maji, hata fungu la dagaa, vyote viliuzwa kana kwamba sisi sote tunachimba. Mwenzangu aliendesha dampa, lile lori kubwa la mawe, shimoni, na mshahara wake mtaa mzima uliujua, maana yeye na wenzake waliutangaza wenyewe baa. Lakini miezi minne hakuleta hata kipande cha sabuni. Siku mtoto aliporudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa chakula cha shule, nilifunga kanga kiunoni nikapanda gari la Tarime, moja kwa moja hadi ustawi wa jamii.

Afisa alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mwenye subira ambayo mimi sikupewa. Alimwandikia wito. Akaja, shati limepigwa pasi, karatasi ya mshahara mkononi.

“Dada, mimi sikatai kulea,” alisema. “Angalia mwenyewe kinachobaki.”

Kilichobaki kilikuwa kichekesho. Juu kulikuwa na mshahara mnono. Chini yake mstari wa mchango wa pensheni, ule ambao kila mfanyakazi anakatwa. Na chini ya huo mstari mwingine, mkubwa kuushinda wa kwanza: michango ya hiari ya pensheni.

“Hii ni nini?” afisa aliuliza.

“Akiba ya uzeeni. Na mrithi nimemwandika binti yangu. Hiyo hela ni yake, itamkuta mbele.”

Weee! Nilisimama. “Itamkuta mbele wapi? Mtoto anakula leo! Jioni nimwambie lala, mwanangu, pensheni yako inakuja?”

“Mama, kaa,” afisa akaniambia. Nikakaa.

Kwa bahati sikwenda mikono mitupu. Nilikuwa na mteja, mzee mmoja mpole aliyeshughulika na mishahara ya mgodini, mtu wa kula kimya na kuondoka. Siku moja, wito ukiwa umeshamfikia mwenzangu, nilimlilia shida zangu huku nampakulia. Akaniambia mchango wa lazima ni wa sheria, hakuna wa kuugusa, lakini wa hiari mtu anauomba mwenyewe kwa barua, na kwa barua anaufuta. “Waambie waombe karatasi za miezi ya nyuma,” alisema. Basi nikamwambia afisa hivyohivyo, neno kwa neno. Mwenzangu alinitazama kana kwamba nimemwibia.

Wiki mbili baadaye alizileta. Hayo makato ya hiari yalikuwa yameanza mwezi uleule alipopokea wito. Kabla ya hapo, hakuna hata shilingi. Afisa alichukua kalamu na kunieleza taratibu, maana aliona sikusoma sana. Mchango wa lazima aliuacha kama ulivyo, ule si pesa iliyo mkononi mwa mtu. Wa hiari akaurudisha kwenye mshahara, ndipo akapiga hesabu ya matunzo ya mtoto. Alimgeukia mwenzangu akamwambia kujiwekea akiba si kosa, lakini huwezi kujiwekea kwa tumbo la mwanao. Kiasi kilichoandikwa kilikaribia mara tatu ya alichotaka kutoa.

Yeye akasema, “Sawa.” Akasaini. Mtu niliyeishi naye miaka kumi, anayebishania hata bei ya nyanya, anasema sawa! Nilipaswa kushtuka. Sikushtuka, nilikuwa nimelewa ushindi. Nilirudi Nyamongo kifua mbele, na akina mama wenzangu tunaouza chakula pale getini wakanipigia vigelegele hadi walinzi wakatoka kuchungulia.

Matunzo yalikuja mwezi mmoja. Kabla ya wa pili, baba yangu alinipigia simu kutoka kwetu Nyansurura nifike Jumamosi. Nilipofika nikakuta wazee wa upande wa mume wangu, wametoka Kenyamonta, wamekaa na baba na kaka yangu. Niliwaamkia shikamoo mmoja mmoja. Baba mdogo wa mume wangu ndiye aliyezungumza, tena kwa upole.

“Binti yetu, hatukuja kugombana. Kijana wetu ameamriwa atoe hela nyingi. Sisi tunasema, mtoto wetu asilelewe kwa hela za kutumwa wakati nyumbani kwao kupo. Ng'ombe wetu bado wako huku. Mtoto aje kwa bibi yake. Au ng'ombe warudi, tuachane vizuri.”

Ng'ombe wa mahari yangu walikuwa kumi na wawili. Na hakuna hata mmoja aliyekuwepo. Kwetu ng'ombe wa dada humwolea kaka mke. Wale walikaa zizini kwa baba miezi michache tu wakaenda kumleta wifi yangu. Kuwarudisha maana yake ni kwenda kuwadai kwa baba yake, naye wifi afungashe arudi kwao, watoto wake watatu wabaki. Alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko, ananyonyesha yule wa mwisho, hainui uso. Huyu ndiye aliyekuja Nyamongo akiwa bado bibi harusi mbichi kunikanda maji nilipojifungua binti yangu.

Nilitoka nje nikampigia afisa. “Mama, sheria haihesabu ng'ombe,” aliniambia. “Njoo, hakuna wa kukuchukulia mtoto.” Alikuwa anasema kweli, na mimi nilijua anasema kweli. Baba naye aliniambia kweli yake: nikienda Tarime, kesho yake ng'ombe watadaiwa. Nilimtazama wifi. Nikanyamaza, mimi mwenye mdomo huu. Hadi leo sijui kama ule ulikuwa wema au woga, na kuna siku namchukia wifi yangu bure kabisa, yeye amenikosea nini?

Binti yangu nilimpeleka mwenyewe Kenyamonta. Njia nzima alikuwa ananiuliza, “Mama, nimefanya nini?” Nikamwambia hujafanya kitu, bibi anakupenda. Niliporudi chumbani nililia hadi sauti ikakauka.

Matunzo yakakoma, maana mtoto sasa yuko upande wa baba yake. Baadaye yule mteja wangu wa mishahara, alipokuwa ananawa mikono, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ile michango ya hiari imefutwa. Barua iliandikwa juma lilelile nililompeleka mtoto. Kumbe hata hiyo hela ya kumkuta mtoto mbele haikuwepo.

Disemba walimruhusu mtoto aje kwangu wiki moja. Alikuwa amerefuka, na Kikurya chake kimekuwa cha bibi yake mtupu. Alinipa shikamoo, akaweka mfuko wake chini, akakaa pembeni mwa kiti, magoti pamoja. Nilikuwa nachochea moto, nafurahi kama mwendawazimu, naongea mambo ishirini kwa mpigo.

“Mama,” aliniita. “Naomba maji ya kunywa.”

Ndoo ilikuwa hatua mbili kutoka kwake, palepale alipozoea kujichotea, na kikombe juu ya mfuniko. Nikamchotea. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa, akanishukuru.