Mukono Muzima wa Muzee Paluku

Wandugu, leo nilipiga picha mukono muzima, ule wenye kuvunjika nikauacha inje kwenye benchi!

Ngojeni, musicheke kwanza.

Asubuhi kwenye hospitali, kwenye chumba cha mashini ya picha, nilisoma karatasi ya mugonjwa, nikaita: "Paluku!"
Muzee mumoja akaingia mbio.
Nikapiga picha ya mifupa, nikaosha filme, nikaianika.

Munganga muzungu akaiangalia kwenye mwanga. Mufupa safi kabisa!
"Huyu kesho arudi kwenye bandari ya Kituku kubeba mizigo."

Nikamupelekea muzee habari njema.

"Najua, papa. Mimi sina kitu. Mwenye kuvunjika ni ndugu yangu mukubwa, Paluku. Anaogopa mashini, akanituma mimi. Si tulitoka tumbo moja?"

Na kweli, wandugu, mukubwa wako akikutuma, utakataa?

Nikakimbia inje. Paluku mwenyewe ameketi, mukono umevimba kama muhogo.
Na kosa ni langu: niliangalia karatasi, sikuangalia mukono.

Akaniuliza kwa furaha: "Papa, picha inasema nimepona?"

Ninyi mungemujibu nini?

Mimi nawaomba kitu kimoja tu: mukiumia, mukuje na mwili wenu wenyewe. Mwili wa ndugu siupokei tena.