Jiwe la Baba Ndani ya Hotpoti

Mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na barua hii nimeiandika kwa siku nne. Lakini ninyi wa Korogwe mliniuliza habari za jiwe la Baba, na kwenye simu mimi hunyamaza, kwa hiyo nimeona niandike.

Mnajua kwamba Baba alikuwa mpishi wa kambi ya watafiti, kaskazini kabisa mwa Kanada, kwenye barafu. Kila kiangazi alikuwa huko. Alifariki kabla sijafika huku. Kwa shangazi Mwanaidi, hapa Agincourt, mtaa wa jiji tunaloishi Kanada, aliacha jiwe bapa lenye alama ya jani. Akiulizwa ameliokota wapi, alijibu "mtoni" tu. Nilitaka kujua ni mto gani, maana sikujua hata mahali pamoja alipokanyaga baba yangu kule kaskazini.

Jumamosi asubuhi tulijiandaa kulipeleka jiwe makumbusho, tukaulize lilikotoka. Shangazi alilipaka jiwe mafuta ya nazi, kama afanyavyo kila Ijumaa anapofuta makabati. "Hatuendi kwa watu na kitu kilichopauka kama magoti ya mtoto," alisema. Akalifunga kwa kanga, akalitia kwenye hotpoti, juu yake akaweka chapati nne za kumpa mwenyeji wetu.

Kwenye basi theluji iligonga vioo. Shangazi alipakata hotpoti.

"Ukifika, useme mwenyewe."

"Nitasema."

"Ndivyo ulivyosema kwa daktari wa meno, ukarudi na jino lako."

Tulishuka, tukapanda treni ya chini ya ardhi mpaka mjini.

Saa nne tulifika kwenye stoo ya mawe ya makumbusho. Alitupokea Bi Nasrin, mtunzaji wa mimea iliyogeuka mawe. Wazazi wake walitoka Dar es Salaam, na mama yake, anayekaa Markham, hununua maandazi kwa shangazi. Kiswahili chake ni cha jikoni kwao, lakini anakijua.

Alifunua hotpoti. "Chapati?"

"Zako," Shangazi akasema. "Jiwe liko chini."

Alicheka. Alipoligusa jiwe, kicheko kikakatika. "Auntie, mbona linateleza?"

"Mafuta ya nazi, mwanangu. Safi, nimekamua mwenyewe."

"Oh no, Auntie." Akatueleza taratibu kwamba mafuta yameingia ndani, na mishipa midogo ya jani imefifia. Shangazi akatazama sakafu. Nilimwonea huruma. Alikuwa amekitunza kitu cha kaka yake kwa njia aliyoijua.

Bi Nasrin akauliza lilikotoka.

"Mtoni," nikasema, kwa sauti ndogo.

"Mto upi? Kule mito ni mingi. Bila mahali, jiwe haliniambii kitu."

Alitusimulia kwamba hilo ni jani la mti wa kale mno. Mto ulifurika, ukalifunika kwa tope kwenye tambarare, tope likawa mwamba. Siku hizo nchi ile haikuwa na barafu. Ilikuwa karibu na ikweta.

"Kama Pangani wakati wa masika," Shangazi akasema bila kuinua macho.

"Exactly, Auntie. Na mwamba ukipasuliwa, jani hubaki pande zote mbili. Labda upande wa pili tunao."

Akafungua droo za mawe yaliyotoka kwenye kambi aliyopikia Baba, moja baada ya nyingine. Ya tano alikuwa anaifunga nilipoona, nyuma kabisa, jiwe lililomegeka pembeni kama mkate ulioumwa. Pembe ile naijua. Nimeitazama kila jioni kwenye jiwe letu. Shangazi hakuwa ananitazama.

"Subiri!" nikasema. Sauti ilinishtua mwenyewe. "Lile la nyuma."

Akalitoa, akayakutanisha mawili. Yakafumbana.

Kwenye lebo palikuwa na jina la kisiwa, vipimo vya ramani, na maneno ya Kiingereza ambayo Shangazi alinisomea: kona ya mto usio na jina, limepasuliwa na mpishi.

Kumbe Baba hakutuficha kitu. Mto wenyewe haukuwa na jina.

Bi Nasrin alinionyesha kona ile kwenye ramani, nikaigusa kwa kidole. Kisha akasema, kwa upole, kwamba mawe haya ni mali ya wenyeji wa kule kaskazini, na yanapaswa kukaa pamoja. Nikakubali kuliacha letu. Akanipa penseli ili chini ya neno "mpishi" niandike jina. Niliandika polepole, Athumani Mbelwa, na hakuna aliyeniharakisha.

Saa nane tulirudi, hotpoti ikiwa nyepesi.

"Sasa Ijumaa nitapaka nini?" Shangazi akauliza. Nikamshika mkono mpaka Agincourt.

Nilichojifunza ni hiki: kitu kikitunzwa bila kuandikwa kilikotoka, nusu yake imepotea. Baba alipita sehemu nyingi huko kwenu ambazo sizijui. Mliomfahamu, niandikieni alichofanya, hata kama ni kidogo. Na tafadhali, andikeni na mahali.