Hesabu ya Nusu Duara

Mashine ya kusaga ikiishiwa mahindi hupandisha sauti. Mngurumo wake mzito hugeuka mluzi, mpaka mtu amimine ndoo nyingine. Watu wengine hawana habari nayo. Mimi nikiisikia, hata niwe sokoni na kapu mkononi, nasimama na kujiuliza mama yangu yuko wapi, na mama mwenyewe ni bibi sasa, anakula unga wa paketi.

Nilikuwa darasa la sita. Tulikaa Lizaboni, Songea, baba akifundisha fizikia sekondari. Tulikuwa watu wa kuja, kutoka Bukoba, na mtaani baba alijulikana kama Mwalimu, basi. Ilikuwa miaka ya ruksa, mwenye uwezo analeta mashine yake na hakuna wa kumuuliza. Jirani yetu Mzee Saidi, mfanyabiashara kutoka Nalasi, kule Tunduru, alileta mashine ya mawe, injini akainunua kwingine. Shida ikaanzia hapo. Injini ilihesabu mizunguko kwa dakika, lakini kibati cha mashine kilisema mawe yasizidi radiani sitini kwa sekunde. Fundi wake, Kanisi, hakujua radiani ni mdudu gani, na bila kujua asingeweza kuchagua puli, lile gurudumu la mkanda linaloamua kasi ya mawe.

Mzee Saidi akaja kwetu na karatasi yenye swali hilo. Nilimwamkia, akaitikia, akaniomba nimpelekee Mwalimu. Nikaingia chumbani. Baba alikuwa siku ya tatu ya malaria, anatetemeka chini ya mablanketi mawili, macho kafumba. Ningetoka nikasema mgonjwa amelala, yangeishia hapo. Lakini radiani nilikuwa naijua, na nilikuwa mtoto mwenye majivuno.

Wiki mbili kabla, baba alichukua protrakta yangu ya shule na uzi wa mama wa kushonea. Akapima uzi kutoka katikati ya protrakta hadi ukingoni, akaukata, akaulaza juu ya ule mviringo. Uliingia mara tatu na kidogo. Kila urefu wa uzi ni radiani moja, akasema. Halafu mgeni akabisha hodi na somo likakatika. Protrakta yangu, kama zote za shule, ilikuwa nusu duara. Mimi nikabaki na tatu na kidogo yangu, ile tatu nukta moja nne ya darasani.

Basi nilikaa sakafuni kando ya kitanda cha baba nikazidisha sitini kwa sitini, nikagawa kwa tatu nukta moja nne. Nikapata mizunguko elfu moja mia moja arobaini na sita kwa dakika. Nikapiga mistari miwili chini ya jibu kwa rula, nikatoka na karatasi.

"Baba amesema hivi," nikamwambia Mzee Saidi.

Siku ya kufungua mashine, mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mimi nilibaki na baba, ambaye homa ilikuwa imeanza kumwacha. Mngurumo ukaanza, nikajaa furaha moyoni. Baadaye mahindi yakaisha mdomoni mwa mashine na sauti ikapanda. Ikapanda tena. Vikombe mezani vikaanza kulia. Baba akafumbua macho.

Akauliza nani aliyewapigia ile hesabu. Nikasema mimi.

"Uligawa kwa ngapi?"

"Tatu nukta moja nne."

Alitazama dari. "Hiyo ni nusu ya duara," akasema taratibu. "Mawe yanakwenda mara mbili. Mama yako yuko wapi?"

Nikasema yuko mashineni.

Baba, ambaye mtaa mzima haukuwahi kumwona shati halijachomekwa, alitoka mbio amejifunga kanga ya mama kiunoni. Nilimfuata nikilia. Siku nyingine yoyote ningecheka. Mluzi ule ulikuwa umejaa njia nzima, na kuku walikuwa wamejificha. Mlangoni nikamwona mama ameinama mbele ya mashine, kashika mdomo wa gunia. Baba alimvuta mkono wakaanguka wote nje, huku akimpigia Kanisi kelele azime.

Mawe yalichukua muda mrefu kusimama. Kanisi alipofungua, jiwe lilikuwa na ufa kutoka tundu la katikati hadi karibu na ukingo. Ulibaki upana wa kidole tu lipasuke.

"Nilikosea mimi, Mzee," baba akasema. "Ni homa."

Mzee Saidi alimtazama baba, akanitazama mimi, akasema alhamdulillahi, jiwe hununuliwa. Baba akaomba karatasi, akaandika hesabu sahihi chini ya yangu, mia tano sabini na tatu, akatia saini. Kanisi akaibandika ukutani. Nami nikajiona nimepona.

Tangu hapo kila nilipopeleka mahindi, Mzee Saidi aliniuliza, "Una neno, mjukuu wangu?" Nikajibu, "Sina, babu." Niliona ni salamu ya Kitunduru tu. Aliniuliza hivyo hadi nilipokwenda kusoma mbali, na nilipokuja likizo akaniuliza tena.

Mwaka jana, baba na Mzee Saidi wote wameshafariki, binti wa Mzee aliniletea karatasi ile. Juu kuna mwandiko wa mtoto, wa mviringo, na mistari miwili ya rula chini ya jibu. Hakuna mwalimu wa sekondari anayeandika vile, na yeyote aliyesimama foleni pale angeona. Nikampelekea mama, nikamweleza yote. Aliisoma, akaikunja.

"Tulijua sote siku ileile," akasema. "Baba yako alituomba tukuache, utamwendea Mzee mwenyewe ukiwa tayari. Mzee akasema sawa, atakuwa anakuuliza."