Kona Juu ya Kiti cha Earline

Kimbunga kilikuwa bado hakijaingia Ghuba ya Meksiko. Tangu asubuhi Murrill Zirlott alikuwa akimuuliza kila aliyepita mlangoni na kapu la nguo chafu.

"Kimeingia?"

"Bado, mzee. Kiko kusini ya Kuba, kinajikokota."

Anashusha pumzi. Akija mwingine, anauliza tena.

Coreen alikuwa nyuma ya kaunta akikunja mashuka ya watu. Ni mdogo wake Earline, marehemu mkewe Murrill, na tangu msiba ndiye aliyekuwa akiendesha duka hilo la kufulia.

"Shemeji, utawafukuza wateja. Redio hiyo hapo, inasema yenyewe."

"Redio inachelewa."

"Na wewe unawahi wapi?"

Coreen alijua vizuri anawahi wapi. Pwani nzima ya Alabama inajua kwamba kimbunga kikishaingia Ghuba, kampuni za bima zinaweka kalamu chini. Hakuna anayesaini mkataba mpya mpaka kipite, na kikipita kila mtu anajua kilichobaki. Bima ya zamani ya Murrill ilikuwa inaisha siku hiyo hiyo. Kampuni ilikuwa imekataa kuendelea naye. Duka la kufulia, karibu na maji vile, na paa lililokwisha kung'oka mara moja! Kampuni nyingine zilitaja bei ya kulimeza duka na mashine zake.

Ni moja tu iliyolegea. Bi Trinh, wakala wa bima, alimwambia wakati wa masika: "Ezeka bati zito la kuhimili upepo, lifungwe kwa utaratibu wa cheti. Ukipata cheti, bei inashuka mpaka utaiweza. Bila cheti, Bwana Zirlott, hata uezeke dhahabu."

Akaezeka. Ila cheti hakupata, na kosa lilikuwa lake.

Ilikuwa hivi. Cheti hakitolewi kwa kutazama bati. Mkaguzi lazima apande kabla bati halijawekwa, apige picha mbao za chini, namna zilivyogongelewa, na utepe ulioziba maungio. Siku ile mbao zilikuwa tayari, mkaguzi angekuja kesho yake. Alasiri wingu likapanda kutoka baharini. Eliseo Banegas, fundi wake, Mhondurasi aliyeezeka nusu ya mji ule, alilitazama wala hakushtuka.

"Utepe umeziba, mzee. Mvua ya kawaida haipiti hapa. Tumngoje mkaguzi."

Murrill naye akalitazama lile wingu. Mwaka uliotangulia, paa la zamani lilipong'oka, Earline alikataa kutoka. Alibaki humo ndani akifunika mashine kwa maturubai, maji yakimmwagikia. Kikohozi kilimwanza wiki ile. Januari wakamzika.

"Funika," alisema.

"Na mkaguzi?"

"Funika, Eliseo."

Wakafunika. Na mvua yenyewe haikunyesha.

Mkaguzi, dada mmoja aitwaye Denita Pettway, alikuja kesho yake akazunguka duka akiwa ameinua shingo.

"Paa zuri, Bwana Zirlott. Ila siwezi kulipitisha."

"Si umeliona?"

"Nimeona bati. Chini yake sijaona."

Akaenda zake. Wiki zikapita. Aliona haya kumrudia. Na kila alipofikiria kulifungua paa lile, alimwona Earline akimwagikiwa maji. Ni mpaka redio ilipoanza kutaja kimbunga ndipo alipopiga simu. Denita alikubali kurudi, kwa sharti kwamba bati lifunguliwe pale atakapoonyesha yeye.

Hapo ndipo roho ya mzee ilipokuwa juu, kwa sababu ya jambo asilomwambia mtu.

Kona ya upande wa bahari aliigongelea mwenyewe. Chini yake ndipo kilipo kiti cha Earline, alipokuwa akikaa kutengeneza zipu za watu. Mafundi walikuwa wameshuka kula, naye akapanda na nyundo na misumari mfukoni. Mkaguzi anataka misumari ya pete, ile yenye mikunjo mwilini, ikishaingia haitoki. Boksi la Eliseo lilikuwa la misumari hiyo. Lakini je, alichota humo, au kwenye kopo lake la zamani ndani ya gari? Hakukumbuka. Miezi ile mikono yake ilifanya kazi, mwenyewe hayupo.

Denita alifika na ngazi yake. Upepo ulikuwa umeanza kusukuma makopo barabarani.

"Tutafungua pale katikati," alisema, "na pale ukingoni. Halafu kona ile ya baharini. Upepo huanzia kwenye kona."

Kati ya kona zote za paa lile, ndiyo hiyo!

Eliseo na mwenzake wakaanza kulegeza skrubu. Murrill alishika ngazi ya pili.

"Murrill, shuka," Coreen alipaza sauti toka mlangoni. "Nimeshazika mmoja. Sina nguo nyingine nyeusi."

"Azima."

"Shuka, nakwambia!"

Alipanda. Hakukanyaga paa, alisimama kwenye ngazi, kidevu sawa na ukingo. Katikati palifunguliwa. Denita akaweka rula kando ya misumari, akapiga picha. Safi. Ukingoni napo safi. Wakahamia kwenye kona.

"Binti," Murrill alisema. "Hapo niligongelea mimi."

"Basi tuuone mkono wako."

Bati likafunuliwa. Denita akamwomba Eliseo ang'oe msumari mmoja. Ulitoka bila taabu, kama jino bovu. Mwili laini, hauna hata mkunjo.

Eliseo aliugeuza kiganjani. "Ay, mzee! Huu ulikuwa wa kutundikia picha ya bibi?"

Hakuna aliyecheka, hata Eliseo mwenyewe.

"Sasa?" Murrill aliuliza.

"Mbao iko sawa, utepe uko sawa," Denita alisema. "Pigilia misumari ya pete kati ya hii laini, kona nzima, mpaka tukutane na kazi ya Eliseo. Nipige picha ndipo mfunike."

"Kona nzima ifunuliwe?"

"Nzima."

Bati la pili likatolewa, na la tatu. Upande wa bahari ulishakuwa mweusi. Tone la kwanza lilimpiga Murrill mkononi, la pili shingoni. Pale mbele yake paa lilikuwa wazi, na chini ya uwazi ule kilikuwa kile kiti. Mdomo wake ulifunguka wenyewe.

Eliseo alimwona. Nyundo ikasimama hewani.

"Mzee? Nifunike?"

Mzee alitazama wingu. Halafu akamtazama Denita, aliyekuwa amepiga magoti, kofia ameishika kwa meno, simu ameificha ndani ya koti isilowe.

"Endelea," Murrill alisema.

"Hakika?"

"Endelea bwana, kabla sijabadili nia!"

Mvua ikaja. Haikuwa ya kimbunga, ilikuwa tu ya kutangulia, lakini ililowesha. Nyundo zikashindana nayo. Murrill aliinama kando ya ngazi akapiga kelele, "Coreen! Kunavuja?"

"Bado!"

Baada ya kitambo, "Coreen!"

"Bado, nimesema! Ngoja. Tone moja hili hapa. Kitini."

Murrill akaonyesha kwa kidole usawa wa kile kiti. Eliseo akapapasa mbaoni, akalipata tundu la ule msumari aliong'oa, akapigilia wa pete palepale na kupaziba kwa utepe.

"Na sasa?"

Coreen akasema, "Limekata. Nimeweka ndoo hata hivyo."

Denita alipiga picha ya mwisho maji yakimtiririka usoni. Bati likarudi, skrubu zikakazwa. Picha alizituma kwa Bi Trinh akiwa amesimama katikati ya mashine, viatu vikivuja maji sakafuni. Coreen alimpa taulo ya mteja.

"Ya nani hii?"

"Atarudi kesho. Futa uso."

Wakangoja. Hakuna aliyekaa. Eliseo alikula karanga za kuchemsha bila kuzitazama. Simu ya dukani ilipolia Murrill aliinyakua.

"Kimeingia?" akauliza kabla ya salamu.

"Kinaingia sasa hivi," Bi Trinh alisema. "Wewe umekitangulia. Wamesaini kwa picha hizo, cheti chenyewe kitafuata. Bei ni ile tuliyosema. Ila kuna kitu. Bati likibonyea kwa mawe ya barafu na halivuji, hawalipi. Hilo ni shauri lako."

"Libonyee tu."

"Umenielewa lakini, Bwana Zirlott?"

"Nimekuelewa. Libonyee, lakini libaki."

Akaweka simu. Eliseo alimpigapiga bega akatoka na ngazi zake. Denita naye akaaga, akawahi daraja kabla halijafungwa.

Coreen alizima mashine moja moja. Alipofika kwenye kiti cha dada yake, aliinama kuichukua ndoo. Ndani yake mlikuwa na maji ya kulowesha kidole tu.

"Nitoe hii, nikae. Miguu imekufa."

"Iache."

"Shemeji, paa limepitishwa. Lina bima."

"Najua. Iache tu."

Coreen alimtazama, akaiacha. Akavuta kiti kingine. Juu yao mvua iliongeza mwendo kwenye bati, na Murrill alibaki amesimama, kichwa amekiinamisha upande mmoja, akiisikiliza ile kona.