Ua Katika Biblia ya Baba

Jirani ameanika pareto uani, na harufu yake kali imenirudisha kwenye Biblia ya baba.

Baba aliweka alama ya ukurasa kwa ua la pareto lililokauka, ili wadudu wasile karatasi. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shamba la mzungu kulia, alitusomea sura moja, kisha akalisogeza ua mbele. Askari wa mkoloni walipompakia kwenye lori kumpeleka kizuizini, ua lilikuwa pale Yusufu anapotiwa gerezani.

Mama hakujua kusoma. Kesho yake alinipa kitabu.

"Wewe unaenda shule. Soma."

Nilisoma. Siku ya pili nilipotaka kufunua ukurasa, akanishika mkono.

"Hiyo hiyo ya jana. Baba yako akirudi asikute tumemwacha nyuma."

Tuliirudia sura ile misimu miwili ya mvua. Mdogo wangu, aliyekuwa bado hajaanza shule, aliikariri yote na kunicheka: "Umeruka mkuu wa gereza!"

Siku moja mama alipokwenda mtoni, nilisoma mbele kwa siri. Aliporudi nilishindwa kujizuia.

"Mama, anatoka!"

Debe liliyumba kichwani mwake, maji yakamwagikia kanga. "Nani?"

"Yusufu. Anatoka gerezani."

Alilitua debe polepole, akajifuta uso.

"Najua anatoka," akasema. "Rudisha ua mahali pake."

Hadi leo, sura zinazofuata mimi huzisoma katika Biblia nyingine. Ile ya baba ninayo, na ua liko palepale.