Ujumbe wa Saa Kumi na Moja na Nusu

Bi Kinue Hatanaka alikuwa na miaka hamsini na nane, na kumi na saba ya mwisho alikuwa ameimaliza kwa magoti. Ndiyo kazi ya mhudumu katika nyumba za wageni kule milima ya Kiso: unapiga magoti kufungua mlango, unapiga magoti kuweka sinia, unapiga magoti kuaga. Kabla ya hapo alikuwa akipaka rangi vijiti vya kulia katika karakana moja bondeni. Karakana ilifungwa, mumewe akafariki mwaka huohuo, naye akapanda mlimani kuomba kazi akiwa na kitambaa kimoja cha kichwa na barua ya sifa isiyofika nusu ukurasa.

Sivyo kabisa, hata barua hiyo aliipoteza njiani. Alipokelewa kwa sababu alikuwa na sauti ya upole.

Nyumba ile iliitwa Kokage. Ilikuwa vibanda sita vya mbao ndani ya msitu wa mierezi, kila kibanda na bafu lake la maji ya moto yatokayo ardhini. Wageni walikabidhi simu zao pale mapokezi, zikafungiwa kwenye sanduku. Watu walilipa fedha nyingi ili wasipatikane. "Mgeni wetu halipii chumba," mwenye nyumba, Bi Orie, alipenda kuwaambia wahudumu. "Analipia kimya. Atakayekivunja, anajua njia ya kushuka bondeni."

Kibanda cha mwisho, kile cha kijitoni, ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote, na kwa miaka mitatu Bi Kinue hakuruhusiwa kukikanyaga. Aliwahi kumwagia mgeni mmoja supu mapajani. Tangu siku hiyo alihudumia vibanda vya juu tu, na mpishi, Mzee Bunji, hakuacha kumtania: "Bi Kinue, leo supu tuiweke kwenye chupa?"

Mwishoni mwa Septemba mhudumu wa kijitoni aliugua mgongo. Bi Orie akamwita Bi Kinue. "Kuna maharusi wanakuja fungate, siku tatu. Jina lao Isozaki. Nakupa wewe. Usiniaibishe."

Bwana harusi, Takuma, alikuwa mwalimu wa hesabu, mrefu, aliyejigonga kichwa mlangoni mara mbili siku ya kwanza. Mkewe, Madoka, alicheka kila alipojigonga, kisha akamsugua paji la uso. Alikuwa muuguzi kule Nagoya, na Bi Kinue aliona mikono yake ilivyopasuka kwa kunawa dawa. Siku ya kwanza Madoka alilala saa kumi na moja mfululizo. Alipoamka alisema, "Mama, sijalala hivi tangu nianze kazi. Bibi yangu angeniona angesema nimekufa."

Huyo bibi, Tsuya wa Toyama, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kuachana. Ndiye pia aliyelipia fungate hii, kwa akiba ya kuuza figili za kuchachushwa sokoni.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, simu ya mapokezi ililia, na Bi Kinue ndiye aliyekuwa karibu.

"Mimi bibi yake Madoka," sauti ilisema, nyembamba lakini yenye ukorofi. "Niko hospitali, moyo huu umeanza vituko vyake. Sasa sikiliza, usimwambie. Mwanangu Shigeo anataka kupiga, ana kiherehere. Akipiga, wewe kaa kimya."

"Bibi, lakini..."

"Hakuna lakini. Yuko vipi? Anakula?"

"Anakula, bibi. Sasa hivi wako bafuni, nawasikia wakicheka."

"Haya. Waache wacheke," akasema bibi, akakata.

Bi Kinue alitii. Mpaka hapo hakuwa na kosa, na laiti mambo yangeishia hapo angelala vizuri.

Saa kumi na moja na nusu jioni simu ililia tena. Alikuwa Mjomba Shigeo, na hakuwa na kiherehere hata kidogo. Alizungumza taratibu, kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa. "Daktari anasema tuwaite watu wa karibu. Tafadhali mwambie Madoka aje leo."

"Nitamwambia, bwana."

Treni ya mwisho ya kumwahisha Toyama usiku ule ilikuwa ya saa kumi na mbili na dakika kumi. Gari la nyumba lingewafikisha stesheni kwa dakika ishirini. Bi Kinue aliyajua yote hayo kama anavyojua vidole vyake. Akaweka simu chini, akaingia jikoni, na Mzee Bunji akamkabidhi sinia la kwanza.

"Leo unatembea kama bibi harusi mwenyewe," mzee alimtania. "Mwenye nyumba amekusifu. Amesema kijitoni umekiweza."

Maneno hayo yalimwingia kuliko alivyotaka. Akajiambia: waonje kwanza, nitasema nikitoa vyombo. Alipotoa vyombo, Madoka alikuwa anamsimulia mumewe jambo, macho yameng'aa. Akajiambia: baada ya samaki. Akaleta samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi. Madoka alimla mpaka mkia, akasema, "Mama, sijawahi kula samaki mtamu hivi." Bi Kinue akainama, akashukuru, akatoka. Pale ukumbini alitazama saa. Ilikuwa saa moja kasoro robo. Treni ilikwisha kwenda.

Alisema wakati wa wali, ilipokaribia saa mbili.

"Mjomba wako amepiga," alisema, akiwa magotini. "Bibi yako hali yake si nzuri. Uende leo."

Madoka aliweka bakuli chini. "Amepiga saa ngapi?"

Na Bi Kinue, ambaye katika miaka yote ile hakuwahi kumdanganya mgeni hata juu ya joto la maji, alijibu, "Sasa hivi."

Waliondoka kwa teksi, safari ya saa tano kupita milimani. Bibi Tsuya alikata roho saa tano usiku, wao wakiwa bado barabarani.

Asubuhi, habari za msiba zilipofika, Bi Kinue alimweleza Bi Orie yote. Mwenye nyumba alimsikiliza huku akipanga maua, kisha akasema, "Umeshasema ni sasa hivi. Basi iwe hivyo. Ukweli wako utamfufua nani?"

Aliendelea na kazi. Lakini alipochoma samaki nyumbani kwake harufu ilimshinda, akamfunga kwenye gazeti akampa jirani. Kila simu ilipolia mapokezi alishtuka kama aliyepigwa kofi. Novemba alipata anwani, akaomba ruhusa ya siku moja, akapanda treni kwenda Toyama siku ya arobaini na tisa tangu kifo, familia ilipokusanyika kumwombea marehemu.

Madoka alimtambua mlangoni, machozi yakamtoka. Alimkaribisha, akamwachia nafasi ya kuchoma ubani mbele ya picha: kikongwe mwenye uso mpana, mdomo umebinuka kama anayetaka kubisha. Kisha akamshika mikono. "Mjomba alipekua simu ya bibi, akaona alipiga kwenu mchana ule. Kama ni wewe uliyepokea, basi wewe ndiye wa mwisho kuongea naye mbali na mjomba na madaktari. Mama, niambie alisema nini. Neno kwa neno."

Bi Kinue alimwambia. Vituko vya moyo, kiherehere cha Shigeo, waache wacheke. Madoka alicheka na kulia kwa pamoja. "Ndiye huyo! Ndiye kabisa! Asante, mama. Ulimtii. Asante sana."

Shukrani ile ilimchoma kuliko tusi. Angeweza kuinama, kunywa chai na kuondoka akiwa mtu mwema.

"Usinishukuru," alisema. "Mjomba wako hakupiga saa mbili. Alipiga saa kumi na moja na nusu. Treni ilikuwapo. Nilikuwa nakuletea chakula, nikaona mambo yanakwenda vizuri, nikataka yaendelee kwenda vizuri. Si kwa ajili yako. Kwa ajili yangu."

Mikono ya Madoka ilijitoa taratibu.

"Mjomba aliniambia alipiga jioni," alisema. "Nikasema amechanganyikiwa na msiba. Nilimbishia, mjomba wangu mwenyewe." Akatazama picha, kisha mkeka. "Yule samaki. Nilikusifia samaki, na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nenda, tafadhali."

Takuma ndiye aliyemsindikiza hadi stesheni. Treni ilipofika aliinamisha kichwa kidogo tu, kama anavyomwinamia mtu yeyote.

Bi Kinue aliomba kurudishwa vibanda vya juu, na akamwambia Bi Orie kwamba kuanzia sasa ujumbe wa ugonjwa ataupeleka papo hapo, hata mgeni akiwa ndani ya maji, na kama yeye mwenye nyumba hapendi, amfukuze. Bi Orie alimtazama sana, halafu akasema, "Peleka."

Mwanzoni mwa Desemba alipata kadi ya kijivu, zile wanazotuma waliofiwa kuwaarifu jamaa na marafiki kwamba mwaka mpya huu hawatasalimia. Majina ya Takuma na Madoka yalipigwa chapa, pamoja na jina la bibi na umri wake, themanini na sita. Hakukuwa na neno la ziada. Anwani tu ndiyo iliyoandikwa kwa mkono, kwa wino mweusi. Hakujua ni mkono wa nani kati ya wale wawili. Mwandiko wa Madoka ulikuwapo kwenye kitabu cha wageni pale mapokezi, na angeweza kulinganisha. Hakufanya hivyo. Aliiweka kadi kwenye rafu, karibu na picha ya mumewe, akavaa viatu akapanda kazini, kwani theluji ilikuwa imeanza na njia ya vibanda vya juu ilitaka kufagiliwa.