Mashine ya Mama Mkwe

Katika idara ya serikali ya kulinda mazingira, wenye bahati walipangiwa mito na misitu, wakapigwa picha wameshika miche. Bwana Sikio alipangiwa kelele. Kwa miaka kumi na sita alizunguka na kipima sauti chake, akafunga baa, karakana na nyumba mbili za ibada, akalaaniwa na walevi na wacha Mungu kwa bidii ileile. Sifa yake moja ilikuwa haina mpinzani: kifaa kikisema kumi, anaandika kumi, hata bosi amkonyeze mpaka jicho limuume.

Siku moja ikaja barua isiyo na jina, ikilalamikia mashine ya kusaga nafaka ya mjane mmoja. Wenzake waliposoma anwani walicheka wakashika mbavu, wakamsukumia faili. Mjane yule alikuwa mama mkwe wake.

Mashine ile ndiyo iliyowalea mashemeji zake wanne, na hadi leo, wanaume wazima wenye ndevu, walikuwa bado wananyonya palepale. Akiifunga, mkewe atamtazama kwa jicho gani? Asipoifunga, yeye ni ofisa wa nini? Lakini kazi ni kazi, akaenda.

Alimkuta mama mkwe mweupe kwa unga hadi nyusi. Akamwamkia macho chini, akaanza kuomba radhi kwa maneno marefu kuhusu sheria, wajibu na wananchi kukosa utulivu. Mama alimwacha azunguke weee, akamhudumia mteja wa mwisho, kisha akafunga mlango wa mbele.

"Barua niliandika mimi, baba," alisema.

Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, kwamba mgongo umekwisha na kifua kimejaa vumbi. Kila akisema anataka kupumzika, wanawe humwomba avumilie kidogo, mpaka huyu apate kazi, mpaka yule aoe. Ameshavumilia kidogo kwa miaka tisa. Akiizima mwenyewe, ataitwa mama aliyewatupa wanawe. Ikizimwa na serikali, nani atagombana na serikali?

Sikio akaenda kusimama mpakani mwa kiwanja, mahali ambapo kanuni inataka sauti ipimwe. Mama akawasha mashine. Hamsini na nane. Akarudi ndani mnyonge, maana kwa mara ya kwanza maishani alitamani kelele.

"Haijafika, mama. Inatakiwa ipite sitini."

Mama aliitazama mashine kama mtu anavyomtazama mtoto mtundu, akachukua spana. Sikio naye akageuka kuukagua ukuta. Ulikuwa ukuta mzuri sana, akaukagua mpaka nati mbili za bati la kufunika mkanda zikalegea vya kutosha. Kisha akarudi mpakani. Safari hii bati lilibwata hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Sabini na moja. Akaandika sabini na moja, akatia sahihi, akabandika lakiri.

Jioni simu hazikukoma. Shemeji mmoja alimwita msaliti, mwingine akasema hata mchawi huwa anachagua. Mkewe alingoja mumewe anawe mikono, ndipo akamuuliza aliyepeleka malalamiko ni nani. Sikio akajibu kwamba sheria inakataza kumtaja mlalamikaji.

"Basi niambie hili tu," mkewe alisema, macho yamemjaa machozi. "Huyo mtu hana hata chembe ya huruma kwa mama yangu?"

Sikio alitaka kunyamaza, akashindwa.

"Katika sisi wote," alisema, "ni yeye peke yake aliyemhurumia."

Mkewe akafuta machozi. Simu ikaita tena, kaka yake mkubwa. Akaipokea yeye mwenyewe, akamwambia kaka yake akatafute kazi.